Kugundua molekuli kwa chembe nano za sumaku: kihisi joto, chipu ya sumaku au mwangwi wa maji?

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, waalimu na wakuu wa maabara ndogo za Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambao wamekwisha kuamua kutumia chembe nano za sumaku kutafuta molekuli fulani, iwe protini ya ugonjwa katika damu au sumu ya kuvu katika mahindi, lakini bado wanasitasita kuhusu namna ya kuzisoma chembe hizo. Hatua ya kwanza ni ileile kwa wote. Punje za oksidi ya chuma, ambazo mara nyingi huwa na kipenyo cha nanomita 10 hadi 50, huvikwa kingamwili, yaani protini zinazonasa molekuli moja maalumu. Kingamwili huishika molekuli inayotafutwa, kisha chembe nyingi hubaki mahali ambapo molekuli ni nyingi, na chembe chache mahali ambapo molekuli ni chache. Kinachobaki ni kuzihesabu, na hapo ndipo njia zinapoachana. Njia ya kwanza huzipasha chembe moto na kupima joto lake kwa kihisi kidogo. Ya pili husoma usumaku wake kwa chipu. Ya tatu huangalia jinsi zinavyoyavuruga maji yanayozizunguka.

Sifa moja huziunganisha zote tatu. Damu, mkojo, maziwa na uji wa mahindi havina usumaku wa maana, kwa hiyo rangi na utusitusi wa sampuli, ambavyo ni adui wa vipimo vya mwanga, havina uzito mkubwa hapa.

Vigezo tutakavyotumia

Kila njia itapimwa kwa maswali manne: inafanya kazi vipi na inaona kiasi gani kidogo, ni kitu gani kinachovuruga usomaji wake, inadai umeme, chumba na vifaa gani, na inamfaa nani.

Kuna jambo la tano ambalo sikulifanya kigezo kwa sababu halitofautishi njia hizi, ingawa kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote manne. Kihisi hakiwezi kugundua kile ambacho kingamwili haikukamata, wala hakiwezi kutenganisha chembe iliyoshikwa na molekuli halali na ile iliyonasa kwenye ukuta wa mrija bila sababu. Katika kazi nyingi, kiwango cha chini kabisa kinachoweza kupimwa huamuliwa na unasaji huo wa ovyo, wala si na ustadi wa elektroniki. Anayelinganisha vihisi kwa tarakimu za matangazo tu huenda akalipia unyeti ambao hataufikia kamwe.

Ukubwa wa molekuli nao uzingatiwe mapema. Protini kubwa inaweza kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja, moja iliyofungwa kwenye sehemu ya kupimia na nyingine iliyo juu ya chembe, na hapo ishara huongezeka kadiri protini inavyoongezeka. Aflatoksini B1 ina uzito wa molekuli wa takriban 312 tu. Haina nafasi ya kingamwili mbili, kwa hiyo hupimwa kwa njia ya ushindani, ambapo sumu ikizidi ishara hupungua. Anayeshughulikia mahindi na karanga za soko la Kadutu atahitaji kihisi kinachotofautisha vizuri ishara kubwa na ishara kubwa kidogo zaidi, kuliko kihisi kinachojisifu kuona chembe moja.

Njia ya kwanza: kupasha na kupima joto

Jinsi inavyofanya kazi na kiasi inachoona. Chembe ikiwekwa ndani ya uga sumaku unaobadili mwelekeo mara laki moja au laki kadhaa kwa sekunde, yaani kuanzia kilohezi 100 hivi, usumaku wake hulazimika kuufuata, na katika kila mgeuko nishati kidogo hupotea na kutoka kama joto. Mgeuko huo una sura mbili. Ama usumaku hugeuka ndani ya chembe iliyotulia, namna inayobeba jina la Louis Néel, Mfaransa aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1970, ama chembe nzima huzunguka ndani ya kimiminika, namna inayobeba jina la Brown. Watafiti wa saratani wanaifahamu kanuni hii tangu majaribio ya mwaka 1957 ya kupasha moto tezi za limfu kwa chembe za oksidi ya chuma. Kupima molekuli kwa joto nako si jambo geni: huko Lund, Sweden, kundi la Mosbach na Danielsson lilikuwa likitumia thamista, yaani kihisi ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika na halijoto, kupima joto la mmenyuko wa vimeng'enya tangu miaka ya 1970.

Hesabu moja inaonyesha mipaka ya njia hii kuliko maelezo marefu. Tuchukue chembe zinazotoa wati 100 kwa kila gramu, kiwango ambacho chembe za kawaida za oksidi ya chuma huweza kukifikia katika uga wenye nguvu ya kutosha. Mikrogramu moja ya chembe hizo, ambayo kwa punje za nanomita 20 ni takriban punje bilioni 46, hutoa mikrowati 100. Ikiwa zimo ndani ya mikrolita 10 za maji na uga ukawashwa kwa sekunde 10, halijoto itapanda kwa digrii 0.024 tukipuuza joto linalovuja. Thamista ya kawaida ya kilo-omu 10 hupunguza ukinzani wake kwa takriban asilimia 4 kwa kila digrii, kwa hiyo mabadiliko yatakuwa kama omu 10 kati ya elfu kumi, kiasi ambacho daraja la Wheatstone, saketi ya kulinganisha ukinzani, likifungwa vizuri husoma bila shida. Tukishuka hadi nanogramu moja, punje milioni 46, mabadiliko huwa ni omu moja ya mia kati ya elfu kumi, yaani sehemu moja ya milioni, na hapo ndipo tabu huanza.

Wengi hudhani kwamba kihisi kikifanywa kidogo kama chembe yenyewe, tabu hiyo itatoweka. Haitatoweka. Chembe moja ya nanomita 20 katika hali niliyoieleza huongeza joto la uso wake kwa chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya digrii, kwa sababu maji yanayoizunguka huliondoa joto hilo papo hapo. Joto linalopimwa ni la umati wa chembe. Faida halisi ya kihisi kidogo ni nyingine: uzito wake hafifu haulinyonyi joto la sampuli, nacho hujibu upesi. Vipo vihisi vidogo kupita kiasi, kama vito vya almasi vya nano vyenye kasoro ya nitrojeni, ambavyo mwaka 2013 watafiti wa Harvard walivitumia kupima halijoto ndani ya seli hai ya binadamu, lakini husomwa kwa leza ya kijani na mawimbi ya mikro ya karibu gigahezi 2.87. Kwa maabara isiyo na meza ya optiki, thamista yenye ukubwa wa punje ya ulezi inatosha.

Kinachovuruga. Kila kitu kilicho na joto ni adui. Koili inayozalisha uga hupata moto yenyewe kwa sababu ya mkondo mkubwa unaopita ndani yake, na joto hilo huifikia sampuli kabla chembe hazijafanya kazi yoyote ya maana. Nyaya za thamista ni metali, nazo zikiwa ndani ya uga hupata mikondo ya kuzunguka inayozipasha moto na kuingiza kelele katika usomaji. Maji ya chumvi, damu ikiwemo, hupata mikondo hiyohiyo, ingawa katika mikrolita chache athari yake ni ndogo. Mlango ukifunguliwa, upepo wa ziwa ukipita mezani, mstari wa kipimo hupinda.

Tiba zipo, na nyingi ni za mikono kuliko za fedha. Sampuli huwekwa ndani ya kisanduku cha frigoliti (povu jepesi la plastiki) kilichozibwa. Nyaya huwa nyembamba, husokotwa pamoja na kupitishwa kwa mwelekeo usiokatiza uga. Usomaji hufanywa mara tu uga unapozimwa. Muhimu kuliko yote, huwekwa vihisi viwili vinavyofanana: kimoja katika mrija wenye chembe, kingine katika mrija usio nazo, kisha huhesabiwa tofauti tu. Na badala ya kungoja halijoto ya mwisho, ambayo hutegemea uvujaji wa joto, husomwa kasi ya kupanda katika sekunde za mwanzo, kwa kuwa kasi hiyo hulingana na wingi wa chembe.

Vifaa na umeme. Koili hutengenezwa kwa bomba jembamba la shaba, lile ambalo mafundi wa friji hulinunua kwa mita, na maji huzungushwa ndani yake ili kuipoza. Bila maji, kutegemea feni peke yake ni kujidanganya, tena katika mji ulio kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na hupoza kidogo kuliko pwani. Saketi ya kuendesha koili inaweza kujengwa na fundi wa elektroniki mwenye uzoefu, na thamista ni bei ya chini. Ugumu uko kwenye umeme: kifaa hiki huhitaji wati mia kadhaa, hata kama ni kwa sekunde chache. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikija, konvertisa (kigeuzi cha umeme wa betri) na betri zitaweza kukibeba ikiwa zimepangwa kwa ajili ya mzigo huo, si kwa taa na kompyuta tu.

Kwa kawaida chembe zisizoshika kitu lazima zioshwe kwanza, kwa kuwa nazo hutoa joto. Upo ujanja wa kukwepa kuosha: chembe zinazotegemea mzunguko wa Brown hupunguza joto lake zikifungwa mahali kwa sababu haziwezi tena kuzunguka. Feraiti ya kobalti, yaani oksidi ya chuma yenye kobalti, hufaa kwa ujanja huu kuliko oksidi ya chuma tupu, maana usumaku wake ni mgumu kugeuka ndani ya chembe. Inachekesha kidogo, au inahuzunisha, kwamba kobalti ya Katanga huenda ikarudi Bukavu ndani ya kichupa cha mililita mbili kilichoagizwa Ulaya.

Inamfaa nani. Mtu mwenye mikono, subira na bajeti ndogo, anayepima kitu ambacho si adimu sana, na ambaye anataka kukielewa kifaa chake hadi ndani. Haimfai anayehitaji kupima vitu kumi tofauti katika tone moja, kwa kuwa joto husambaa na halitunzi kumbukumbu ya lilikotoka.

Njia ya pili: chipu ya ukinzani-sumaku

Jinsi inavyofanya kazi na kiasi inachoona. Mwaka 1988 Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani waligundua, kila mmoja kwa upande wake, kwamba tabaka nyembamba za metali zenye usumaku na zisizo nao hubadili ukinzani wake wa umeme kwa kiasi kikubwa uga sumaku unapobadilika. Ugunduzi huo uliingia katika diski kuu za kompyuta mwaka 1997 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya jeshi la majini la Marekani walionyesha kwamba tabaka hizohizo zinaweza kuhesabu punje za sumaku zilizonaswa na molekuli za kibiolojia, na mwaka 2009 kundi la Stanford lilionyesha kwamba chipu yenye vihisi vingi hupima protini kadhaa kwa pamoja bila kujali kama sampuli ni damu, mkojo au mate.

Nguvu yake iko katika ukaribu. Uga wa chembe hupungua kwa mchemraba wa umbali, yaani umbali ukiongezeka maradufu, ishara hubaki moja ya nane. Kwa hiyo chembe zinazoelea juu hazionekani. Zile zilizoshikwa kwenye uso wa chipu tu ndizo zinazosomwa, na mara nyingi kuosha si lazima. Kwa unyeti, chipu nzuri huishinda thamista kwa mbali.

Kinachovuruga. Ukaribu huohuo ni udhaifu. Tabaka la kinga linaloifunika chipu likiwa nene kidogo, ishara hupotea. Likiwa jembamba mno, chumvi ya sampuli huila metali. Halijoto nayo haijatuacha, kwa kuwa ukinzani wa chipu hubadilika chumba kinapopata joto, na kihisi cha pembeni cha kulinganishia ni cha lazima hapa vilevile.

Vifaa na umeme. Uga unaohitajika ni hafifu na wa masafa ya chini, kwa hiyo betri ndogo hutosha siku nzima. Katika hili chipu haina mpinzani. Lakini chipu yenyewe haitengenezwi hapa, wala huko Lubumbashi wala Kinshasa. Huagizwa, hupita forodha, na uso wake hupakwa kingamwili kwa uangalifu mkubwa, kisha mara nyingi hutupwa baada ya kutumika. Wapo wanaofikiri kununua vihisi vya bei nafuu vya aina hii vinavyouzwa kwa ajili ya kupima mkondo au mwendo wa magurudumu. Ganda la plastiki la vihisi hivyo huiweka chembe mbali na tabaka inayosoma, na kwa kanuni ya mchemraba iliyotajwa hapo juu, jambo hilo huua ishara karibu yote.

Inamfaa nani. Kundi lililo na mshirika wa nje anayetoa chipu kwa uhakika, linalotaka kupima vitu vingi katika sampuli ndogo, na linalofikiria kifaa cha kubebwa hadi kituo cha afya kisicho na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa.

Njia ya tatu: mwangwi wa maji

Jinsi inavyofanya kazi na kiasi inachoona. Hii ndiyo kanuni ya mashine ya IRM (MRI) ya hospitali, inayopiga picha za ndani ya mwili, ila kwa kipimo cha meza. Viini vya haidrojeni vya maji huwekwa ndani ya sumaku thabiti, husukumwa kwa wimbi la redio, kisha mwangwi wao hufifia kwa muda unaopimika. Chembe za sumaku zikikusanyika kuzunguka molekuli inayotafutwa, muda huo hubadilika. Kundi la Weissleder huko Marekani lilitangaza wazo hili mwaka 2002, na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliidhinisha kipimo cha T2Candida kinachogundua kuvu moja kwa moja katika damu bila kuotesha vimelea kwanza. Kati ya njia hizi tatu, hii ndiyo yenye ushahidi huo wa hospitali.

Hakuna kuosha, hakuna uso wa kupaka. Vyote hufanyika ndani ya kimiminika. Tatizo moja la kimya ni kwamba molekuli ikizidi sana, kila chembe hujishikia molekuli zake na mkusanyiko hautokei, hivyo sampuli iliyojaa ugonjwa inaweza kusomeka kama haina kitu. Sampuli zenye shaka hupimwa tena zikiwa zimezimuliwa.

Kinachovuruga. Sumaku ya neodimi hupoteza takriban sehemu moja ya elfu ya nguvu yake kwa kila digrii inayopanda. Katika sumaku ya tesla 0.5, ambapo haidrojeni huitika kwa megahezi 21.3 hivi, digrii moja huhamisha mwitikio kwa kilohezi 21. Kisanduku kinachodhibiti halijoto si anasa.

Vifaa na umeme. Umeme unaotumika ni wa wastani. Mashine za mezani za aina hii zipo, nyingi zikiwa zimetengenezwa kupima mafuta katika mbegu, na bei yake ni ya chombo kikubwa cha maabara. Kuijenga mwenyewe kunadai ujuzi wa redio ambao ni adimu kuliko fedha.

Inamfaa nani. Maabara ambayo tayari inayo mashine hiyo au inaweza kuitumia kwa jirani, hasa kama inafanya pia kazi ya vyakula.

Kabla ya kununua chochote

Ukanda wa karatasi wenye chembe za dhahabu, kama ule wa malaria, haupaswi kudharauliwa. Hauhitaji umeme, na muuguzi yeyote anaujua. Tena joto linaweza kuusaidia: mwaka 2012 watafiti wa Minnesota waliuangazia kwa leza na kupima joto la dhahabu badala ya kuangalia rangi yake, na kwa antijeni ya kriptokokasi, alama ya kuvu wa ugonjwa, usomaji ukawa mwepesi wa kugundua mara 32 kuliko jicho. Ikiwa ukanda unaopatikana tayari unajibu swali lako, au unaweza kulijibu kwa kuongezewa kisomaji, hesabu hilo kwanza.

Kuchagua kulingana na hali

Mwanafunzi wa elektroniki au fizikia mwenye mwaka mmoja na fundi wa friji kama rafiki aanze na njia ya joto, na ajipangie lengo la mikrogramu kwanza, si la nanogramu. Matokeo yake yatapimika, na hata yakiwa hafifu yatakuwa yamemfundisha joto lilipotoka.

Mwanafunzi wa biolojia asiye na mwenzake wa elektroniki asijenge kifaa chochote. Kazi yake iwe kwenye kingamwili na unasaji wa ovyo, na usomaji aufanye kwa ukanda au kwa kifaa cha maabara nyingine.

Anayepima aflatoksini kwa ajili ya wakulima wa Kabare au Walungu anaweza kuchagua kati ya joto na mwangwi wa maji; la kwanza ni nafuu, la pili halichoshi mikono sampuli zikiwa nyingi. Chipu itafanya kazi pia, lakini kulipia chipu mpya kwa kila gunia la mahindi ni vigumu kueleza.

Kituo cha afya kilicho mbali na mji, ambako sampuli ni chache na jibu linatakiwa papo hapo, kinahitaji ukanda leo, na huenda chipu kesho, endapo mtu mwingine ataibeba gharama ya ugavi.

Maabara ya mjini yenye jenereta, friji inayofanya kazi na mkataba na chuo cha nje ndiyo pekee iliyo na uhuru wa kweli wa kuchagua. Kwa hiyo ifanye jambo ambalo wengine hawawezi: ichukue kundi moja la sampuli, kingamwili zilezile na chembe zilezile, izisome kwa njia mbili tofauti, na ianze na sampuli tupu zisizo na molekuli inayotafutwa, kwa kuwa ni hizo zitakazoonyesha kama kikomo kimewekwa na kihisi au na chembe zilizonasa ovyo.